Vumbi la Mlima Liru

Kazi yangu ilikuwa kukusanya vumbi. Nikisema hivyo watu hucheka, na siku zile walicheka zaidi. Juu ya mlima Liru, upande wa Koboko, kulikuwa na kibanda cha bati, na ndani yake pampu iliyovuta hewa na kuipitisha kwenye kitambaa cheupe cha duara. Kila wiki nilipanda, nikatoa kitambaa kilichochafuka, nikaweka kipya. Uchafu ule ndio uliokuwa mali.

Mtaalamu mgeni aliyeniajiri alinieleza vizuri: vumbi la mwaka mmoja halisemi kitu. Vumbi la miaka mingi, lililonaswa juu, mbali na majiko na magari, ndilo litakaloonyesha kama hewa inabadilika. Mwaka 1972 alifunga virago kama wageni wengine waliolazimika kuondoka nchini, akaniachia katoni za vitambaa na ahadi kwamba angerudi kuvipima vyote. Ofisi ya Arua ililipa, ikachelewa, kisha ikanyamaza. Mimi nikaendelea kupanda. Mke wangu aliniuliza kama nimerogwa.

Vitambaa vile nilivijua kwa rangi. Vya kiangazi, wawindaji wa Ludara wanapochoma nyasi kufukuza ndezi, vilikuwa vyeusi tititi. Upepo mkavu wa kaskazini ukivuma, viligeuka rangi ya chai ya maziwa. Mvua zikikolea vilibaki karibu vyeupe. Askari mmoja wa kizuizi cha barabarani, ambaye alikuwa akinigawia petroli ya jenereta iliyoendesha pampu, hakuchoka kunitania.

"Wewe mutu gani? Unapanda mlima kutafuta vumbi, na vumbi iko hapa barabarani, bure!"

Mwaka 1979 vita vilipotukaribia, tulivuka mpaka kwa miguu kuingia Zaire, kwa wazazi wa mke wangu. Yeye alibeba mtoto na sufuria. Mimi nilibeba sanduku la bati lenye vitambaa vya miaka yote. Njia nzima alitembea mbele yangu bila kugeuka, na sikumlaumu.

Kwetu mkwe hasimami ana kwa ana na mama mkwe, wala hazungumzi naye. Maneno hupitia kwa mke. Kwa hiyo tulipofika niliweka sanduku chini ya upenu, nikaenda kukaa na wanaume upande wa pili. Asubuhi mke wangu alikwenda kutafuta muhogo, nami nikafuatana na shemeji kukata miti ya kujengea. Tuliporudi, nyasi za nyuma ya nyumba zilikuwa zimejaa maduara meupe, yameanikwa juani, kila moja limenyooshwa kwa mkono.

Mgeni akija na nguo chafu, mwenye nyumba humfulia kabla hajaomba. Ndiyo heshima yenyewe. Mama mkwe aliona vitambaa vyeusi, akadhani ni vya mtoto, vimechafuka njiani. Alivifua kijitoni kwa kipande cha mwisho cha sabuni aliyokuwa ameificha, wakati ambapo sabuni ilikuwa haipatikani hata kwa dawa.

Niliokota kimoja, nikakigeuza pande zote mbili. Moshi wa wawindaji, upepo wa kaskazini, ujana wangu wote mlimani, vyote vilikuwa vimekwenda na maji. Nilitafuta mtu wa kumkasirikia, nikamkosa, na hilo liliniumiza kuliko kitu kingine.

Mke wangu alirudi, akaona, akajitwika tena kikapu chake kana kwamba anaondoka. Sauti ya mama yake ikatoka nyuma ya ukuta, kubwa, ili na mimi niisikie.

"Ambia bwana yako, nguo ya mutoto ilikuwa muchafu sana! Sasa yote iko safi. Hata ile nyeusi imetoka."

"Nimwambie nini?" mke wangu aliniuliza polepole.

"Mwambie asante."

Alimwambia. Mama mkwe alifurahi sana, akauliza kama kuna vingine tulivyoacha Koboko.