Saa ya Oloo na Miguu Yangu

Oloo alikuwa mtu mzuri, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Angekuwa mshenzi ningemchukia kwa raha zangu.

Tulikuwa makedi, wabeba mabegi ya gofu katika uwanja ulio upande wa pili wa ukuta, ukitoka Kibera. Mimi natoka Kianda, humo humo Kibera, yeye Kawangware. Miaka tisa nilibeba begi la Madam Khamala, mama mmoja mwenye duka la dawa anayepiga mpira kama anaudai. Nilijua goti lake la kushoto linauma lini, na fimbo gani anaiogopa. Kisha nikalala wiki tatu na homa ya matumbo, na mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu, nikamwambia Oloo anishikie nafasi. Kikulacho ki nguoni mwako. Niliporudi nilimkuta na begi langu begani na saa mkononi.

Saa yenyewe ilikuwa ya GPS. Madam alinunua mpya, hii ya zamani akampa Oloo. Ukisimama popote uwanjani inasoma setilaiti na kukuambia zimebaki yadi ngapi kufika katikati ya grini, pale penye nyasi fupi na shimo. Ukikimbia inahesabu kilomita. Tena inabeba nyimbo ndani yake, bila simu. Kila asubuhi Oloo alikuja mbio kutoka Kawangware, visikio masikioni, akiimba ohangla, zile nyimbo za Kijaluo, kwa sauti ya mtu asiyejisikia.

"Niaje Kimanzi! Leo nimepiga kilomita tano nukta nane!"

"Hongera," nilisema. Nilitamani ateguke kifundo cha mguu. Si sana, wiki tatu tu.

Miaka tisa, na sikuwahi kupewa hata kofia iliyochakaa. Hilo lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki. Nyumbani sikuwa na hadithi nyingine, mpaka mke wangu Syokau akasema, "Baba Celine, tangu upone homa umeshikwa na ugonjwa wa saa. Huo hauna dawa hata kwa huyo madam wako."

Siku moja Oloo alinivalisha hiyo saa kwa moyo mweupe, nione inavyofanya kazi. Ikapima mapigo ya moyo wangu. Akatazama, akakunja uso.

"Buda, mia moja na kumi na nane? Na umesimama tu?"

"Ni ile homa," nikasema, nikaivua haraka.

Nieleze kitu kimoja kuhusu kazi yetu. Kabla ya mchezo, wafanyakazi wa uwanja hutoboa mashimo mapya na kuhamisha bendera. Bendera inaweza kuwa mbele ya grini, katikati au nyuma kabisa. Kwa hiyo kedi mmoja huamka mapema, anatembea uwanja mzima akihesabu hatua, kisha anawaambia wenzake wote pale kwenye mfereji wa maji. Bendera haifichwi. Hata mliogombana jana, hata kama begi ulilobeba ni la mpinzani, unasema. Makedi waliotufunza walitukabidhi hivyo, na sijawahi kusikia mtu amevunja.

Wiki ya kombe la akina mama, Madam alituita wawili. Alisema, "Nyote mmenisaidia. Siku ya kombe Oloo atabeba, kwa sababu ndiye nimefanya naye mazoezi. Baada ya hapo nitaamua begi libaki na nani."

Siku hiyo zamu ya kutembea ilikuwa yangu. Niliziona zote. Shimo la kumi na nne bendera ilikuwa mbele kabisa, hatua kumi na sita kabla ya katikati, na ile grini imeinama kuelekea mbele. Mpira ukipita bendera umekwisha, maana kuurudisha ni kuuteremsha mlima. Na ukiwa chini unaona kitambaa cha bendera tu, huwezi kujua iko mbele au nyuma. Niliwaambia wenzangu pale mfereji. Oloo alikuwa bado yuko mbio na ohangla yake, na alipofika tulikuwa tumeshatawanyika.

Mimi nilibeba begi la Madam Mourine, mpinzani wake. Tulifika la kumi na nne Madam Khamala akiongoza kwa mapigo mawili. Oloo akaangalia saa.

"Yadi mia moja arobaini na nane, madam." Kisha akanigeukia. "Kimanzi, hapa bendera iko wapi leo?"

Aliniuliza kama ndugu, na jibu lilikuwa tayari mdomoni. Ni neno moja tu, mbele. Nikaiona ile saa iking'aa kwenye jua, na roho ikanichoma.

"Si una saa?" nikasema. "Iulize."

Akacheka, akidhani ni utani. Madam akanitazama kidogo, akachukua fimbo ya mia moja arobaini na nane, akapiga safi. Mpira ukatua katikati ya grini kama saa ilivyosema. Tulipopanda tukaona uko juu ya bendera. Aliugusa polepole, ukateremka ukapita shimo, ukatoka grini, ukaingia mchangani. Alimaliza shimo hilo kwa mapigo manane, na katika gofu mwenye mapigo machache ndiye mshindi. Mwisho wa mchezo Madam Mourine akachukua kombe, akanishukuru, na sikusikia utamu wowote.

"Kosa ni langu, madam," Oloo alisema. "Nilichelewa mfereji." Hakunitaja.

Madam akaja hadi niliposimama nikifuta fimbo.

"Kimanzi, asubuhi ulipita la kumi na nne?"

"Nilipita, madam."

"Na uliona?"

Ningeweza kudanganya. "Niliona."

"Sawa," akasema. Hakunipigia kelele. Akamgeukia Oloo, akamwambia, "Hilo begi libaki na wewe."

Wenzangu hawakunisema, lakini zamu za kutembea hawakunipa tena. Mimi nikaendelea kwenda hivyo hivyo, mazoea. Juma lililofuata, kumekucha tu, nilikuta Oloo kwenye grini ya kumi na nne. Hakuwa na visikio. Saa alikuwa ameiweka mfukoni.

"Niaje, Kimanzi. Kutoka mwanzo wa grini mpaka bendera ni hatua ngapi leo?"

Nilikuwa nimezihesabu mara mbili. Nikamwambia ukweli, bila kuulizwa tena. "Kumi na tisa."

"Asante sana, buda," akasema, na alikuwa anamaanisha.

Kisha akarudi mwanzo wa grini, akainamisha kichwa, akaanza kuhesabu mwenyewe.