Mama Mkwe na Netiweki Iliyopotelea Uani

Nilipohamia Migwani kwa mama mkwe, nilifika na laptopu yangu na kazi ambayo pale nyumbani hakuna aliyeielewa vizuri: kuwafundisha wageni Kiswahili kwa intaneti. Mimi ni mzaliwa wa Tawa, na nilikuwa nimezoea Nairobi. Mume wangu alikuwa amepata kibarua cha ujenzi wa barabara kule Ikutha, anakuja wikendi tu, kwa hiyo tukaona heri nikae na mama yake.

Alikuwa mjane aliyestaafu. Kwa miaka mingi alikuwa amefanya kazi katika maabara ya shule ya upili ya wasichana, akiosha chupa, akipima kemikali na kupanga vifaa mezani kabla mwalimu hajaingia. Nililijua hilo, lakini sikuwahi kulifikiria sana.

Alinipa chumba cha nje, cha mabati, kiwe darasa langu. Ruta ya intaneti ilikuwa sebuleni kwake, nyuma ya televisheni, imefunikwa kitambaa alichofuma mwenyewe. Kati ya sebule na chumba changu palikuwa na ua na tangi kubwa jeusi la maji.

Mwanafunzi wangu wa kwanza nikiwa pale alikuwa nesi wa ng'ambo aliyetarajia kuja kufanya kazi Kitui. Kila somo lilikatika. Sura yake iliganda mdomo wazi, sauti yangu ikamfikia vipandevipande. Siku moja akaniambia kwa Kiswahili chake cha kusitasita, "Mwalimu, mimi nachoka. Wiki ijayo ni mwisho, samahani."

Nikawapigia watu wa intaneti, mara ya tatu wiki hiyo, nikapandisha sauti. Mama mkwe alikuwa mlangoni mwa jikoni akipepeta mbaazi. Nilipokata simu akauliza, "Umepima?"

"Kupima nini, Mwaitu?" Hivyo ndivyo nilivyomwita, yaani mama. "Si wao ndio wanaleta? Wao watengeneze."

"Sebuleni inashika vizuri. Naangalia mahubiri kwa simu na haikati. Hiyo ni kusema wameleta. Shida iko katikati ya hapa na kwako."

Akaweka ungo chini, akaenda chumbani, akarudi na daftari na rula. Akachora safu: ruta iko wapi, laptopu iko wapi, mlango umefungwa au uko wazi, mistari mingapi ya netiweki.

"Tunabadilisha kitu kimoja tu," alisema. "Ukibadilisha viwili, hutajua ni kipi kimesaidia."

Siku zile nilimwona msumbufu, siwezi kuficha. Alinizungusha uani na laptopu mikononi kama mtu anayebeba trei ya chai ya harusi. Alitoa kitambaa, akaandika. Alitoa ruta nyuma ya televisheni, mstari mmoja ukaongezeka, akaandika. Nilipofungua mlango wangu wa chuma netiweki ilipanda, nilipoufunga ikashuka. Hilo nililielewa: mabati yalikuwa yakiizuia. Lakini palibaki kitu kimoja kilichotushinda. Mahali palepale, mlango ukiwa vilevile, Jumatatu nilipata mistari miwili, Alhamisi mitatu, na Ijumaa mmoja.

"Netiweki ni kama mvua ya huku, Mwaitu," nikasema. "Inakuja ikitaka."

Hakucheka. Alipitisha kidole kwenye safu zake. "Alhamisi tulifanya nini?"

"Tulifua blanketi."

"Na Ijumaa?"

"Tukajaza tangi."

Akainuka, akaenda hadi kwenye tangi, akaligonga kwa kifundo cha kidole kuanzia chini kwenda juu, akisikiliza sauti inapogeuka. Kisha akasimama nyuma yake na kutazama dirisha la sebule, akageuka akatazama langu.

"Ni maji," akasema. "Maji yanaimeza."

Nilitabasamu kwa heshima, nikaenda chumbani kutafuta ukweli wa jambo hilo. Nikasoma kwamba kweli, maji hufyonza mawimbi ya aina hiyo. Nikatoka mbio kumwambia. Akajibu "Sawa," kama aliyeambiwa ugali umeiva.

Tangi hatungeweza kulihamisha. Tulihamisha ruta hadi dirisha la pembeni, juu kwenye rafu ya mbao, mahali ambapo dirisha langu lilionekana bila tangi kuwa njiani. Halafu nikanunua Kitui mjini kile kidude cha kunasa intaneti kinachochomekwa kwenye laptopu, pamoja na waya wake mrefu, tukakining'iniza nje ya dirisha langu ili mabati yasikizibe. Nilitaka kupanda mimi, lakini yeye alishafika juu ya kiti.

"Mwaitu, utaanguka!"

"Shika kiti, mwana wakwa," alisema, yaani mwanangu. "Usinishike mimi."

Siku ya somo la mwisho, nesi alitokea kwenye skrini akiwa safi kabisa, hata nikaona hereni zake. Akasikiliza kidogo, akasema, "Mwalimu, nasikia kuku! Leo uko karibu. Nani ametengeneza?"

Nikamwita mama mkwe. Alisimama mlangoni akifuta mikono kwa leso. "Mimi si mwalimu," alisema. Nikainuka nikampa kiti changu.

Alichukua kikombe akakiweka mezani. "Hili ni tangi." Akaweka kiberiti upande huu, kifuniko cha kalamu upande ule, akaeleza taratibu, neno kwa neno, akingoja mgeni arudie. Nesi aliuliza kwa nini, akajibiwa. Akauliza tena, akajibiwa kwa njia nyingine. Mimi nilisimama kando bila kazi, nikiwaza ni walimu wangapi walioingia darasani na kukuta kila kitu kimeshapangwa, wakachukua chaki na kuanza, bila kumuuliza yeye anajua nini. Mimi pia nilikuwa nimeishi naye miezi minne bila kumuuliza.

Nesi hakuacha masomo. Aliomba tu kila Jumatano aongee kidogo na "Mama wa Maji". Siku hizo mama mkwe huvaa sweta yake ya kanisani, hukaa mbele ya laptopu na kuanza kwa kumuuliza mgeni amekula nini. Mimi hutoka nje nikaanike nguo, nikiwasikia wakicheka.