Ndizi Hamsini Kwenye Kamba

Nilivunjika paja nikikata majani ya ng'ombe kando ya mfereji, kule kwetu Masama, miteremkoni mwa mlima, miaka ile watu walipoanza kung'oa mibuni na kupanda nyanya. Hospitalini waliufunga mguu wangu kamba, wakaipitisha juu ya kapi, na mwisho wake wakaning'iniza vyuma ili mfupa uvutwe na kuunga kwa urefu wake. Daktari alisema usipovutwa sawasawa nitabaki na mguu mfupi maisha yangu yote. Niliogopa sana.

Siku zilipita kama usingizi wa mchana. Mlima ulitokea dirishani asubuhi, ukajifunika kabla ya chai, nami nikabaki kuupiga hesabu ule mvuto. Vyuma vilikuwa vya zamani, vimeandikwa ratili kumi na moja. Nesi alisema ni kilo tano. Kitabu changu cha fizikia cha kidato cha tano kilitaka nyutoni, nikazidisha kwa kumi, nikapata hamsini. Uzito ni uleule, umebadilisha nguo tu.

Mama alikuja kila siku na mtori wa ndizi. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi: maumivu yakinizidi, alitia kiganja chini ya vile vyuma, akaviinua kidogo. Jamani, raha yake! Nilikuwa naelea, nasikia maji ya mfereji wetu yakipita, halafu nalala.

Kisha nesi akaja na futi kamba. Mguu ulikuwa bado mfupi, naye akashangaa kwa nini. Mimi nikautazama mkono wa mama.

Mama hakusoma. Nyutoni zingemwambia nini? Nikazibadili tena. Ndizi moja mbivu mkononi inavuta chini kama nyutoni moja hivi. Nikamweleza kwamba vyuma vile ni ndizi hamsini, na kila akiviinua anachukua kama ishirini. Thelathini zinazobaki haziutoshi mfupa.

"Mama, viache," nikamwambia. "Hata nikilia."

Jioni ile nililia kweli. Mama aliviringisha mikono yake ndani ya khanga, akageukia dirishani, na machozi yakamtoka.

Nilirudi nyumbani miguu yote ikiwa sawa. Mama, ambaye amebeba mikungu kichwani tangu usichana wake, alisimama migombani akanitazama nikipanda njia bila fimbo.

"Ndizi hamsini nimezibeba maisha yangu yote," alisema. "Sijaona nzito kama zile ulizonikataza kushika."