Kidole Gumba cha Fundi Funguo

Kwa miaka thelathini fundi funguo hakuwahi kutazama tupa anayochukua. Alipitisha kidole gumba juu yake tu, akajua: hii ya meno makubwa, ya kula chuma; hii laini, ya kumalizia. Mkewe alipoona vidole vya mumewe havisikii hata moto wa kikombe, akafunga vitambaa kwenye mipini: chekundu kwa meno makubwa, cheupe kwa laini. Fundi akavifungua kwa hasira. "Mimi mtoto wa chekechea?"

Leo mjane mmoja alileta ufunguo wa sanduku la marehemu mumewe, wa pekee, uliokuwa ukikwama kidogo tu. Fundi akapapasa, akachukua tupa, akapitisha mara mbili. Jino la ufunguo likaisha.

"Fundi, ndiyo nini sasa?" mjane aliuliza kwa sauti ndogo.

Mjane alipoondoka, fundi alizisugua tupa zote kwa gumba, moja baada ya nyingine. Zote zilikuwa laini kama sabuni. Damu aliiona tu, hakuisikia.

Akaingia ndani, akasimama nyuma ya mkewe.

"Mama watoto, vile vitambaa bado unavyo?"