Sikio la Kulia la Nesi Ottilia

Kwa miaka ishirini na miwili Nesi Ottilia alisikiliza mapigo ya watoto walio tumboni kwa sikio la kulia. Alikuwa mkunga wa zahanati ndogo kando ya Ziwa Nyasa, na mwili wake ulishazoea: kipembe cha mbao juu ya tumbo la mama, sikio la kulia juu ya kipembe, macho kwenye saa.

Jumapili alioga ziwani, maji yakamwingia katika sikio hilo. Sikio likawasha, akalichokoa kwa kibanio cha nywele mpaka akaridhika. Kufikia Jumatano lilikuwa limevimba, linatoa majimaji, na kutafuna tu kulimtoa machozi. Hakumwambia mtu.

Alhamisi asubuhi mama mmoja, Vitalia, alimleta mke wa mwanawe, Recho, akiwa na uchungu wa mtoto wa kwanza. Ottilia akainama, akasikiliza. Kimya. Akasogeza kipembe, akakandamiza. Kimya, na maumivu yaliyomchoma hadi kwenye taya.

"Vipi, nesi?" Vitalia aliuliza. "Mbona husemi?"

Ottilia aliinua kichwa. Akamgeukia Recho. "Mwanangu, mtoto alicheza lini mara ya mwisho?"

"Sijui, nesi. Uchungu umenichanganya."

Ottilia akageuza kichwa, akaweka sikio la kushoto, ambalo hakuwahi kuliamini. Akabana pumzi. Kwa mbali sana akasikia: tu... tu... tu. Akahesabu dakika nzima. Themanini na nane. Yu hai, lakini moyo unakwenda polepole mno.

"Allen!" alimwita tabibu. "Ita gari la wagonjwa, kisha uje!"

Gari halingewahi. Njia ya uzazi ilishafunguka yote, na kichwa kilikuwa kinakuja.

"Sukuma, Recho! Usiache!"

Kitovu kilikuwa kimezunguka shingo ya mtoto mara mbili. Ottilia akakipitisha juu ya kichwa, mzunguko mmoja, wa pili. Akatoka mtoto wa kike, amelegea kama kitambaa. Wakamkausha, wakamsugua mgongo, Allen akampulizia hewa kwa barakoa. Vitalia alikuwa ameshika ukuta. Kisha mtoto akalia.

Gari lilipokwisha kuwachukua mama na mwanawe wakaangaliwe zaidi, Ottilia alimwonyesha Allen sikio lake, naye akalivuta kidogo tu. Ottilia akapiga yowe.

"Mama, umelichokoa hili."

"Liliwasha."

"Bakteria huwa wamo humo siku zote bila matata. Ngozi ikikwaruzwa, na maji yakibaki ndani, ndipo wanapoingia. Utatumia matone siku saba. Usioge ziwani, na kibanio unipe mimi."

Ottilia akalala kwa ubavu, matone ya baridi yakaingia.

"Nilishafungua mdomo, Allen," alisema. "Nilitaka kumwambia Recho kwamba mtoto amekufa."