Paka, Mwambie Baba

Fundi Makochi na mkewe walikuwa hawasemeshani, lakini usidhani nyumba yao ilikuwa kimya. Thubutu! Maneno yalikuwepo tele, ila yote yalipitia kwa binti yao. "Mwanangu, mwambie baba yako chakula tayari." Na baba yuko hapo hapo, goti kwa goti na mama, kasikia kila neno, lakini anasubiri aletewe. "Mwambie mama yako sina njaa." Mtoto wa watu akageuzwa simu.

Chanzo? Mama mzazi wa mke aliugua, mke akaomba aende kumuuguza. Fundi akamjibu, "Subiri kwanza nimalize makochi ya watu." Makochi yakaisha, wakafunga safari, wakakuta mama wa watu keshazikwa. Tangu hapo mke hakumtazama tena mumewe akamwambia neno. Na fundi, badala ya kuomba radhi, naye akanuna! Mwanamume mzima ananuna kwa kosa lake mwenyewe. Jamani!

Binti akakua, akaolewa, akaenda zake mbali. Ndipo kibarua kikamwangukia paka. Msicheke. "Paka, mwambie huyo mwenye nyundo mlango wa jikoni umelegea." Paka analamba mguu wake, hana habari. Fundi anainuka, anakaza mlango, kisha anakwenda kukaa barazani kwenye kochi bovu la mteja, akitamani kuambiwa japo asante. Upweke wa kuishi peke yako una nafuu. Wa fundi ulikuwa ule mbaya, wa kusikia mtu anakohoa chumba cha pili na huwezi kumwambia pole.

Siku moja wakiwa mezani, mke akamwaga jipya. "Paka, mwambie Jumapili naenda kwa mwanangu. Nikipapenda, sirudi."

Kijiko kilimponyoka fundi. Kutwa nzima ya kesho yake alikuwa akikata kitambaa upande upande, hadi mteja mmoja akamwonea huruma akamtajia semina ya ndoa itakayofunguliwa Jumamosi kwenye ukumbi wa shule. Fundi alifunga karakana mapema akarudi nyumbani mbio. "Paka, mwambie mama kuna semina. Ningependa twende." Mke hakusema ndiyo wala hapana. Lakini Jumamosi alitoka chumbani kavaa gauni lake la kutokea, akatangulia mbele, fundi nyuma.

Ukumbini viti vilipangwa duara. Mwendeshaji, mama mmoja wa makamo, alifungua kwa kusema kwamba yeye hotuba hana. "Kila mtu amgeukie mwenzake, amwambie jambo moja lililomkaa moyoni. Sisi wengine kazi yetu kusikiliza."

Zamu yao ikafika. Mke akamgeukia mwendeshaji. "Mwambie huyu..."

"Mimi sibebi, mama," mwendeshaji akamkatiza. "Mwenyewe huyo hapo. Mwambie."

Watu wakacheka kidogo, kisha wakaacha. Mke akaukumbatia mkoba wake, akakaa hivyo hadi wengine wakaanza kukohoa. Halafu akageuza shingo, taratibu, akamtazama mumewe usoni.

"Wewe, unataka nibaki?"

Fundi alikaa wima. Hatimaye anasemeshwa yeye, si mtoto, si paka! Na jibu analo, tena analo siku nyingi. Akafungua mdomo, akamgeukia mwendeshaji, akasema, "Mwambie abaki."

Loo! Mazoea yana taabu. Fundi akatamani ardhi ipasuke immeze. Alimgeukia mkewe kwa haraka hadi kiti kikalia.

"Baki, mke wangu," akasema. "Na unisamehe. Siku ile ilinipasa nikuache uende kwa mama."

Mke machozi yalimlengalenga. Hakumgeukia mtu mwingine.

"Nimekusamehe," akamwambia. "Lakini umechelewa, mume wangu. Mimi nimechoka. Kesho naenda."

Jumapili asubuhi fundi alimbebea begi hadi kituoni. Njia nzima walizungumza, na gari lilipofika, mke akapanda.