Pumzi ya Arishati

Arishati wa Sidoni alikuwa mpuliza kioo, wala si wa kubahatisha. Donge jekundu likitoka tanuruni kwenye ncha ya bomba, akilipuliza, linajaa kama shavu la mtoto anyonyaye. Kiti cha mbele ya tanuru hakipewi mwanamke bure. Alikigombania ujana wake wote, akakipata.

Moshi ndio uliomla. Kifua kikaanza kulia kama mlango mkavu. Akikohoa hugeukia ukutani, husema ni majivu.

Abdeshmuni, mtoto wa kaka yake, ambaye sasa ndiye mwenye tanuru, hakudanganyika.

"Shangazi, pumzika. Uani kuna kazi ya kuvunja vioo vya kuyeyushwa."

"Kavunje wewe. Kiti hiki nimekikalia wewe ukiwa unajikojolea."

"Na sasa unakikoholea."

Wapulizaji wakacheka. Batinoamu, jirani yake wa kiti, akamwambia, "Dada, wapulizie mtungi mmoja mkubwa, wafunge midomo."

"Haya," akasema Abdeshmuni. "Mtungi ukitoka mzima, kiti ni chako. Usipotoka, uani."

Arishati akachota donge, akalibiringisha juu ya jiwe, akapuliza. Likakubali. Akapuliza tena, likavimba, jembamba, rangi ya maji ya pwani. Vicheko vikakoma. Ilibaki pumzi moja tu ya kulipanua tumbo, na kifua hakikuwa nayo.

Mwiko wa kwanza wa mpuliza, kabla hajashika bomba, ni huu: ukiishiwa pumzi, toa mdomo, usivute hewa bomba likiwa kinywani. Nusu ya waliosimama pale aliwafundisha yeye. Lakini anayezama hakumbuki mafundisho. Akavuta. Moto ukamwingia kooni, na mtungi ukabonyea, pande zikagandana kama kiriba kilichoishiwa maji.

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

"Twende, Shangazi," Abdeshmuni akasema taratibu, akamshika mkono. Arishati akautoa mkono wake, akaenda mwenyewe.

Sauti haikurudi sawasawa. Sasa hukaa chini uani na nyundo, akivunja vyombo ambavyo mji unaleta viyeyushwe upya. Siku nyingine kapuni hutoka chupa ya marhamu, shingo nyembamba, na akiiona tu anajua ni kazi ya mkono wake. Haina hata ufa. Aliyeinunua kaichoka tu. Huigeuza juani, huipangusa kwa upindo wa nguo. Kisha huivunja, maana ikiwa nzima haiingii kwenye chungu cha kuyeyushia.